Kitambua-Metali Hakipati Sarafu za Kale: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Anayetafuta sarafu za kale kwa kitambua-metali akarudi mikono mitupu hupenda kuilaumu mashine kwamba haifiki chini. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Sarafu nyingi zinazokosekana huwa zimo ndani ya uwezo wa mashine, ila sauti yake ilimezwa na msumari uliolala karibu, au ilizimwa na mtafutaji mwenyewe alipoiamuru mashine ipuuze kila kinachofanana na takataka, au koili, ile sahani ya mbele inayopitishwa juu ya ardhi, ilipita juu yake kwa kasi mno. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kununua mashine nyingine au koili pana zaidi, inafaa kuitazama dalili ilivyo na kuifuata hadi kwenye chanzo chake, huku ukibadilisha mpangilio mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukigusa vitufe vitatu kwa pamoja na mambo yakatengemaa, hutajua ni kipi kilichosaidia, na tatizo likirudi utaanza upya.

Jaribio la kuanzia

Laza mashine juu ya meza au benchi la mbao lisilo na misumari, mbali na nyaya za umeme, koili ikiwa imetokeza hewani. Vua saa na pete, kisha pitisha mbele ya koili sarafu unayoijua, ukiongeza umbali kidogo kidogo. Sarafu iwe inakwenda na kurudi, kwa kuwa katika hali ya kawaida ya utafutaji mashine nyingi haziitikii kitu kilichotulia. Mashine ikilia vizuri hapo lakini ikasumbua ardhini, chanzo ni udongo, mpangilio au mikono yako. Ikisumbua hata hapo, chanzo ni mashine yenyewe au mawimbi ya umeme yanayoizunguka. Usichukue umbali ulioupata hewani kuwa ndio kina utakachokifikia ardhini, kwani udongo hupunguza sehemu ya uwezo huo, na udongo wenye madini mengi hupunguza sehemu kubwa.

Ili yanayofuata yaeleweke, kumbuka jinsi mashine ya kawaida inavyofanya kazi. Ndani ya koili mna mizunguko miwili ya waya: mmoja hutuma uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na mwingine husikiliza. Metali ikiingia katika uga huo, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani yake na kutoa uga wake wenyewe, uliochelewa kidogo. Mashine hupima nguvu ya jibu hilo pamoja na kiasi cha kuchelewa kwake, na kutokana na kuchelewa huko hukisia kama kilichojibu ni chuma, alumini au fedha. Neno muhimu hapo ni kukisia. Namba inayoonekana kwenye skrini ni makisio yanayoathiriwa na ukubwa wa kitu, umbo lake, kina chake na majirani zake.

Mashine inalia hata koili ikiwa imetulia

Sauti za kukatikakatika zinazotoka wakati koili haisogei, na ambazo huongezeka au kupungua unapoigeuza koili uelekeo mwingine, kwa kawaida ni kelele za umeme. Vyanzo vyake ni nyaya kubwa za umeme, kebo zilizozikwa, uzio wa umeme, minara ya mawasiliano, simu iliyo mfukoni mwako, na mashine ya mwenzako inayotumia masafa yaleyale. Anza kwa kuzima simu au kuiweka mbali, kisha mwache mwenzako asogee mbali nawe, halafu tumia kitufe cha kubadilisha chaneli au cha kuondoa kelele ikiwa mashine yako inacho. Kupunguza usikivu kuwe hatua ya mwisho, ingawa wengi hukimbilia huko kwanza na kupoteza kina bila sababu.

Ikiwa mashine hunyamaza koili inapotulia, lakini hulia unapoipunga hewani, chunguza vitu vinavyotikisika. Waya wa koili uliolegea na kupigapiga mpini hutoa ishara za uongo zinazofanana kabisa na za kweli; uzungushe kwenye mpini ukiwa umekazwa kiasi, huku ukiacha ulegevu mdogo karibu na koili ili iweze kukunjwa. Fungua kifuniko cha chini cha koili ukipanguse, maana mchanga mweusi wenye chuma hujikusanya humo na husogea kila unapopunga. Angalia kama plagi ya waya imekaza na kama haina unyevu. Betri dhaifu pia hutoa dalili za ajabu, na zile za kuchaji zenye volti 1.2 kila moja hazifai katika mashine ambayo mtengenezaji wake ametaja volti 1.5 peke yake.

Usisahau metali uliyoivaa. Buti zenye ncha ya chuma, bizimu ya mkanda na koleo linaloning'inia kiunoni vyote husikika. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutumia chombo cha aina hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, akashindwa, na springi za chuma za godoro alilolalia mgonjwa hutajwa miongoni mwa vilivyomvuruga. Mtafutaji mwenye buti za chuma anabeba godoro lake miguuni.

Mashine hutulia hewani lakini hulia inapokaribia ardhi

Hapa chanzo ni udongo. Madini ya chuma, hasa magnetiti, hujibu uga wa koili, na udongo uliowahi kuungua, kama vile wa mekoni au wa tanuru la matofali, hujibu kwa nguvu zaidi kwa sababu moto huongeza usumaku wa madini yake. Dawa ni kusawazisha mashine na ardhi. Tafuta sehemu isiyo na metali, pandisha koili hadi kama sentimita 30, ishushe hadi karibu kugusa udongo, urudie hivyo huku ukirekebisha, mpaka sauti ya juu na ya chini ziwe sawa. Wengi hukosea kwa kusawazisha juu ya msumari wasiojua upo, na kuanzia hapo siku yote huharibika. Kwa hiyo pitisha koili mahali hapo kwanza, kisha sawazisha. Udongo ukibadilika rangi au ukavuka kutoka bondeni kwenda kilimani, sawazisha tena.

Iwapo mashine inaendelea kupiga kelele baada ya kusawazishwa, punguza usikivu hatua kwa hatua hadi itulie. Wengi huona kwamba kufanya hivyo ni kujinyima kina, lakini katika udongo wenye madini mengi mambo huwa kinyume: usikivu wa juu huongeza jibu la udongo sawasawa na jibu la sarafu, kama taa kubwa za gari zinavyoangaza ukungu badala ya barabara. Mashine iliyotulia kwenye kiwango cha kati huonyesha sarafu ambazo mashine inayopayuka kwenye kiwango cha juu haiwezi kuzionyesha.

Mchanga wa ufukweni uliolowa maji ya chumvi ni jambo jingine, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme na hujibu karibu na mahali panapojibu metali nyembamba na dhahabu ndogo. Mashine ya masafa mamoja hutaabika hapo. Ukiwa nayo, baki kwenye mchanga mkavu au kubali kupunguza usikivu sana. Mashine zinazotuma masafa mengi kwa pamoja hulimudu tatizo hilo vizuri zaidi, na zile za mapigo, yaani zinazotuma uga kwa vipigo vifupi vifupi, hupuuza sehemu kubwa ya madini na chumvi, ila uwezo wao wa kutenganisha chuma na metali nyingine ni mdogo, hivyo utachimba misumari mingi.

Mashine imetulia na mahali ni pazuri, lakini sarafu hazitoki

Hii ndiyo dalili inayokatisha tamaa kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Kabla ya kuamua kwamba wengine wamekwisha kupamaliza mahali hapo, tazama kwanza kiwango chako cha uchujaji.

Kuchuja ni kuiambia mashine inyamaze inapokutana na aina fulani ya jibu. Kuchuja chuma kunavutia, lakini kila hatua unayoipandisha juu ya chuma inaanza kuzima vitu vingine. Karatasi za alumini na vivutio (vipete vya kufungulia) vya makopo ya soda hujibu katika eneo lilelile zinamojibu sarafu nyingi za nikeli na sehemu kubwa ya sarafu za dhahabu, wala hakuna mpangilio utakaozima kimoja na kubakiza kingine. Sarafu za fedha za zamani zilizopigwa kwa nyundo zilikuwa nyembamba, na zikikatika nusu au robo hutoa namba ya chini zaidi kuliko fedha nzito. Anayechuja alumini yote amechuja pamoja nayo baadhi ya sarafu bora alizozifuata. Ushauri wangu katika maeneo ya kale ni kuacha chuma kisikike kwa toni ya chini badala ya kukizima. Masikio yatachoka mapema, ni kweli, lakini utajua ulipo, kwa sababu wingi wa misumari huonyesha mahali palipokuwa na nyumba, na palipokuwa na nyumba ndipo watu walipoangusha sarafu.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu huficha sarafu nyingi kuliko kina, ni chuma kumeza sauti ya sarafu. Ijaribu mwenyewe, maana maelezo hayatoshi. Weka sarafu juu ya udongo safi uipitie na koili: utasikia toni ya juu, nyoofu, inayojirudia kwa kila upande. Sasa laza msumari wenye kutu sentimita 5 pembeni mwa sarafu, upite tena kwa mwendo wako wa kawaida. Huenda ukasikia mkwaruzo mfupi tu, au toni ya chini ikifuatiwa na kipande cha toni ya juu kilichokatika; ukiwa umezima chuma, huenda usisikie chochote. Zunguka robo duara, upite ukitokea upande mwingine. Katika uelekeo mmoja toni ya sarafu itachomoza, na katika mwingine itazama. Fanya tena kwa mwendo wa polepole, halafu kwa haraka. Mtu akishausikia mkwaruzo ule mfupi kwa sikio lake mwenyewe, akajua kwamba chini yake kuna sarafu, ataacha kuupita kila anapokutana nao shambani.

Marekebisho yake ni matatu na yanasaidiana. La kwanza ni koili ndogo, ya kipenyo cha sentimita 13 hadi 15, ambayo hutazama eneo dogo na hivyo huwa na nafasi ya kuiona sarafu bila msumari. Inapoteza kina fulani, lakini katikati ya chuma kina kikubwa hakikusaidii. La pili ni kuongeza kasi ya mashine kujirudi baada ya kila jibu, ikiwa mpangilio huo upo, ili isikose la pili kwa kuwa bado inashughulikia la kwanza. La tatu ni kupitia eneo dogo mara mbili, kwa mistari inayokatana. Kipande cha ardhi cha mita 10 kwa 10 kilichopitiwa kwa makini hivyo huzaa kuliko uwanja mzima uliopitiwa kwa haraka.

Sasa itazame mikono. Koili ibaki sambamba na ardhi, karibu kuigusa, mwanzo hadi mwisho wa mpungo. Wengi huinua koili miishoni mwa mpungo bila kujua, na kila sentimita ya hewa unayoiongeza ni sentimita ya udongo unayoipoteza. Kila mpungo upitie nusu ya ule uliotangulia, kwa sababu uga wa koili ya duara husinyaa kadiri unavyoshuka, na kwa kina kikubwa huwa unasikiliza eneo dogo la katikati tu. Koili ya D mbili, yenye mizunguko miwili ya waya yenye umbo la D, hupunguza tatizo hilo kwa kuwa uga wake umekaa kama upanga kutoka mbele hadi nyuma, na hustahimili udongo wenye madini vizuri zaidi, lakini haiondoi haja ya kupishanisha mipungo.

Masafa nayo yana mchango wake. Masafa ya chini, ya kilohezi 5 hadi 8 hivi, huelekea kupendelea sarafu nzito za fedha na shaba. Ya kilohezi 15 na kuendelea huziona vizuri zaidi sarafu ndogo na nyembamba. Ikiwa mashine yako inaruhusu kubadilisha, rudi mahali palepale kwa masafa mengine kabla ya kupaacha.

Kuhusu kina chenyewe, ukweli ni kwamba sarafu ya ukubwa wa kawaida iliyolala ubapa kwa kina kinachozidi sentimita 20 hadi 25 ni ngumu kwa mashine nyingi, na iliyosimama kwa ukingo hupotea mapema zaidi. Udongo uliolowa kwa mvua isiyo na chumvi mara nyingi hutoa ishara zilizo wazi kuliko udongo mkavu, kwa hiyo mahali palipokaa kimya wakati wa kiangazi panastahili kurudiwa. Shamba linalolimwa nalo hubadilika kila msimu, kwani jembe hugeuza sarafu iliyosimama na kupandisha iliyokuwa chini. Kinyume chake, palipojazwa kifusi au mchanga wa kuletwa, tabaka la kale limezikwa na hakuna mpangilio utakaolifikia. Ukichimba na kukuta vipande vya plastiki katika kina cha sentimita 25, hama.

Ishara ni nzuri lakini kinachotoka ni takataka

Vizibo vya chuma vya chupa, vipande bapa vya bati lenye kutu na vyuma vikubwa vilivyo chini ndivyo vinavyodanganya zaidi, kwa kuwa umbo na ukubwa wao huirudishia mashine jibu linalofanana na la metali nzuri. Kabla ya kuchimba, geuka robo duara juu ya ishara: sarafu iliyolala ubapa huendelea kusema jambo lilelile, ilhali msumari uliojifanya fedha hubadilika au hutoweka. Kisha pitisha mahali hapo ncha ya koili, ukiirudisha nyuma taratibu. Ishara ya kizibo cha chupa mara nyingi hukatika ikaanza kutoa sauti ya chuma kizibo kinapotoka katikati ya koili. Mwisho, inua koili. Ishara inayobaki na nguvu ukiwa sentimita 30 juu ya ardhi ni ya kitu kikubwa kuliko sarafu.

Alumini haina jaribio la namna hiyo. Asiyetaka kuchimba vivutio vya makopo asitarajie dhahabu.

Ishara hupotea baada ya kuchimba

Ardhi ilikuwa inasema wazi, ukachimba, na sasa kuna ukimya. Rejesha koili juu ya shimo, kisha juu ya udongo uliotoa, ukiutandaza. Mara nyingi sarafu imo kwenye udongo huo, au imegeuka ikasimama kwa ukingo, au iko ukutani mwa shimo kwa sababu ulilenga kando kidogo. Kitambuzi kidogo cha mkononi humaliza suala hilo haraka. Bila hicho, gawa udongo mafungu mawili mpaka upate fungu linalolia. Kulenga kando hutokana na kutoijua koili yako: ya duara hutoa sauti kali katikati, na ya D mbili hutoa sauti kali kwenye mstari wa kati, hivyo lazima uvuke ishara kwa njia mbili zinazokatana ili upate nukta.

Kama kilichokuwa chini ni chuma kilichooza, basi huenda sehemu ya ishara ilitoka kwenye udongo uliojaa kutu kukizunguka, na ulipouvuruga ishara ikadhoofika. Hilo ni la kawaida wala si hitilafu.

Sarafu hutoka zikiwa zimekwaruzwa au zimeoza

Mikwaruzo mipya inayong'aa ni ya chombo chako. Kata udongo kwa duara pana kuliko unavyodhani inatosha, ukianzia mbali na nukta, na umalizie kwa vidole. Tabaka la kijani au la kahawia juu ya shaba ni zao la muda mrefu na mara nyingi ndilo lililobeba maandishi na picha. Ukilisugua shambani kwa kidole gumba chenye mchanga, unaweza kuufuta uso wa mtawala aliyekaa juu yake kwa karne nyingi. Dhahabu hustahimili kusuuzwa kwa maji safi, na fedha vilevile ikiwa imara. Shaba iache na udongo wake, ikauke taratibu. Siki, limau, brashi ya waya na dawa ya meno vyote huondoa kutu pamoja na thamani. Ukiona unga laini wa kijani kibichi unaorudi kila unapoupangusa, hiyo ni kloridi inayoendelea kuila shaba ikisaidiwa na unyevu; itenge na sarafu nyingine, iweke mahali pakavu sana, na umwone mhifadhi wa vitu vya kale.

Ishara nyingi mahali pamoja, au kubwa isiyoeleweka

Sarafu ya pili na ya tatu zikitoka katika shimo lilelile, acha kuchimba, piga picha, weka alama na utoe taarifa kwa mwenye ardhi na kwa mamlaka ya mambo ya kale, kwani mpangilio wa vitu ardhini hueleza mengi ambayo sarafu peke yake haziwezi kueleza. Novemba 1992, huko Hoxne nchini Uingereza, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani; alipoona wingi wa vilivyokuwa vikitoka aliacha na kutoa taarifa, na wanaakiolojia wakakichimbua kilichobaki kwa utaratibu. Ilikuwa hazina ya Kirumi yenye sarafu zaidi ya 14,000, ambayo leo imo British Museum pamoja na ile nyundo. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kwingine kutafuta bila kibali ni kosa hata katika ardhi yako, kwa hiyo ulizia kabla ya kuiwasha mashine.

Katika ardhi iliyowahi kupiganiwa vita, ishara kubwa ya chuma isichimbwe kwa udadisi. Ukiona umbo la risasi kubwa au bomu, ondoka na uwaite wahusika.

Lini mashine ipelekwe kwa fundi

Irudishe mashine kwenye mipangilio ya kiwandani, weka betri mpya, nenda mahali pasipo nyaya za umeme, urudie jaribio la hewani. Ikiwa bado haisikii sarafu kubwa sentimita chache kutoka kwenye koili, azima koili nyingine ya mashine ya aina hiyohiyo uifunge. Ikipona, koili yako imeingia maji au waya wake umekatika ndani, na kwa kawaida hubadilishwa nzima kwa sababu imefungwa kwa gundi isiyofunguka. Isipopona, tatizo limo ndani ya kisanduku cha mashine, na hapo mpelekee fundi.